Betri ya Mashua ya Bi Shahida

Dukani kwa Clifford, katikati ya jiji, betri kuukuu huoshwa kwa sabuni ya kufulia. Hutolewa kwenye minara ya simu zikiwa zimechoka, zikabandikwa karatasi ya kampuni isiyokuwepo duniani, kisha zikapangwa mbele kama mabibi harusi. Mimi nauza nyaya meza ya pili, na ile harufu ya tindikali hunitia kichefuchefu kila asubuhi. Clifford mwenyewe hunitia kichefuchefu zaidi.

Idarus, mzaliwa wa Lamu anayeishi Waithaka, pembezoni mwa jiji, alikuwa fundi wake wa sola. Kuziosha alikataa; kunyamaza alikubali, kwa kuwa mkewe alikuwa na mimba kubwa na kazi hazipatikani. Kila betri iliyouzwa ilimtia kinyaa.

Jumamosi moja akaja Bi Shahida kutoka mtaa wa kitajiri wa Kilimani, manukato yametangulia. Alikuwa na mashua ndogo ya tanga kule Lamu, na alitaka paneli, taa, na betri ya kuendesha pampu ya kufua maji, yaani kuyatoa yanayoingia chomboni.

"Chukua hii, madam, ni mpya kabisa," Clifford akasema, akisukuma mojawapo ya zile zilizooshwa.

Idarus akaiunganisha na taa ya gari. Ikawaka vizuri, ikaanza kufifia, ikazima.

"Mama, usiichukue," akasema, duka zima likasikia. "Ni kuukuu, imebandikwa karatasi tu. Pampu ikisimama baharini, watu watazama."

"Umefutwa, Idarus! Toka kwa duka yangu!" Clifford akabweka.

Nilitaka kumpigia Idarus makofi. Bi Shahida alitabasamu tu.

"Kwani bei sikuiona ni nusu ya betri mpya, mwanangu? Mashua naiuza. Mnunuzi akija kuitazama, taa ziwake na pampu ilie kidogo. Yatosha."

"Na akishainunua?" Idarus akauliza.

"Huyo ana Mungu wake."

Clifford akacheka, akamletea nyingine ya zile zile zilizooshwa, akaipangusa kwa mkono wa shati. Wametosheana, wachafu wale. Idarus alikuwa ameshakusanya koleo zake na kufika mlangoni, Bi Shahida akamwita.

"Ngoja. Kazi si huna sasa? Twende Lamu ukanifungie wewe. Kwa lafudhi yako wewe ni wa kule, wanakujua; wakisikia ni mkono wako, hakuna atakayeuliza la betri."

Idarus akatema mate kizingitini, akaenda zake.