Sauti ya Baba Kutoka Angani

Redio ya zamani ikiwashwa baada ya kukaa kabatini miaka mingi, kwanza hutoa harufu ya vumbi linaloungua, kisha mvumo mzito, na maneno huja mwisho. Ule mvumo ndio unaonimaliza. Sebule yangu hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, imejaa redio na mashine za kanda nilizonunua kwa wauza vyuma chakavu, na majirani huniita fundi ijapokuwa sijawahi kutengeneza kitu kikapona. Mimi hufungua tu. Nataka kuona sauti inakaa wapi. Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu mkubwa mmoja wa serikali akisema maneno ambayo hakuyasema kamwe, yametungwa na mashine, na kijana akashangaa kwamba sikushangaa. Nilisikia ya namna hiyo kabla sijang'oa meno ya utotoni, wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, na msemaji alikuwa baba yangu.

Tulikuwa tumehamishwa kutoka bomani kwetu, upande wa Kanyakine, tukarundikwa pamoja na wengine katika kijiji kilichozungukwa na handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Nyumba zilipangwa kwa mistari kama mahindi. Akina mama walitolewa asubuhi kuchimba handaki hilohilo, kisha wakaruhusiwa kwenda shambani kwa muda mfupi, na homugadi, askari mlinzi wa serikali, akipiga filimbi kila mtu alirudi mbio. Baba hakuwepo. Aliingia msituni kupigana na wakoloni nikiwa bado nabebwa mgongoni, baadaye tukasikia ameshikwa. Sikuwa na sura yake kichwani wala sauti yake. Nilikuwa na mama peke yake, na mama hakuwa msemaji.

Siku moja tukiwa shambani, ndege ndogo ilipita juu yetu ikielekea msituni, polepole kama inayotafuta kitu ilichokiangusha. Tulisikia mvumo, halafu mkwaruzo, halafu mtu akaongea Kimeru kutoka juu.

"Mimi ni M'Ikiara wa Kanyakine. Nimetoka msituni. Sijapigwa. Nakula..." Hapo akakohoa. "...nashiba. Tokeni, hamtafanywa kitu."

Mama aliachia jembe likaanguka. Akanishika mkono, tukapanda mbio mpaka mahali palipo wazi, pasipo na migomba, akainama karibu na sikio langu. "Sikiliza, mwari wakwa, binti yangu," akasema. "Huyo ni baba yako."

Tangu hapo, kila ndege ilipokuja tulikimbilia pale. Nilikuwa nimeamua kwamba baba anaishi humo ndani na anashindwa kushuka kwa kukosa ngazi. Nilimwekea kiazi kitamu kilichochemshwa, nikakitembeza ndani ya nguo yangu mpaka kikaoza, na nilimuuliza mama huko juu watu hujisaidia wapi. Niliyajua maneno yote kwa moyo. Nilijua hata kikohozi, na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kuchunguza mambo, nililiona ambalo wengine hawakulitaja.

"Mama, baba hukohoa palepale kila mara. Kabla ya kushiba."

"Baba yako ni mtu wa mpango," akasema, akarudi kulima. Nilifurahi sana kuwa na baba wa mpango.

Kijijini hakuna aliyeishiriki furaha hiyo. Wake wengi walikuwa na waume bado msituni, na kwao sauti ile ilikuwa ya msaliti anayewaita wenzake watoke wakapigwe risasi. Mama akifika mtoni, mazungumzo yalikatika. Kagendo, rafiki yangu wa pekee, aliitwa nyumbani kila niliposogea, mpaka akazoea kuondoka bila kuitwa. Nikawa nacheza nyuma ya nyumba yetu na mawe niliyoyapa majina ya watoto. Nilikuwa mpweke, nami sikujua kama hali hiyo ina jina.

Kisha mvua kubwa ikaja, paa likavuja, moto wetu ukazimika. Kiberiti hatukuwa nacho. Kwetu mtu hakunyimwa moto. Hata uliyegombana naye ulimpa kaa la moto, kisha mkaendelea kugombana. Mama akachukua kigae cha chungu, akanishika mkono, tukaenda kwa mama Kagendo, ambaye zamani yeye na mama walitahiriwa siku moja na kulimiana mashamba.

"Muga," mama akasalimu mlangoni. Ndani maharagwe yalikuwa yakichemka, na harufu yake ilinitoa mate.

Mama Kagendo hakuinuka. "Mwambie yule wa angani akushushie moto."

"Nisikilize kidogo."

"Nakusikiliza. Mume wangu yuko msituni, na wako anamwita atoke akafe. Sema basi."

Mama akafungua kinywa. Kisha akanitazama, mimi niliyekuwa nikitetemeka pembeni ya sketi yake. Nilidhani amekasirika kwa sababu natetemeka, nikajitahidi kuacha. Akafunga kinywa, tukarudi. Milango mingine hatukuijaribu. Waswahili husema sikio halilali na njaa, na kweli langu lilikuwa limeshiba, lakini tumbo lilipewa kiazi kibichi.

Baadaye ndege ziliacha kuja, na Emajensi ikaisha. Wanaume wengine walirudi. Mama aliniambia kwamba baba alifia kizuizini, wala hakuongeza neno, nami niliogopa kumuuliza.

Nilipokuwa mwalimu nilinunua mashine yangu ya kwanza ya kunasa sauti, nikaipeleka Kanyakine. Nilimnasa mama akiita kuku wake, nikamrudishia sauti, na kuku wakaja tena, tukacheka. Ndipo nikajitia kumfundisha. Nilimweleza kwamba kikohozi kile kilirudi palepale kwa sababu sauti ilikuwa kwenye kanda. Kwamba serikali ilikuwa imegundua mtu akishanaswa mara moja, si lazima awe hai ili aongee. Nilisema taratibu, nikiogopa kumuumiza, kwamba huenda baba alikuwa ameshakufa wakati sisi tunamsikiliza.

Mama aliendelea kuchambua maharagwe. "Alikuwa amekufa," akasema. "Mtu wa kwetu aliyekuwa naye kambini aliniletea habari kabla ya ndege ya kwanza."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na kwa mama Kagendo? Si ungesema tu kwamba hiyo ni sauti ya marehemu? Angetupa moto. Wote wangeacha kututenga."

"Ulikuwa umesimama hapo," akasema. "Ungesikia, usingekimbia tena kwenda kumsikiliza. Na hukuwa umewahi kumsikia baba yako."

Nilimfikiria akiachia jembe siku ile, akinivuta kupanda kilima, akijua. Mimi nilikuwa nikimsikia baba yangu. Yeye alikuwa akimsikia mumewe aliyekufa, akisema kwamba anakula na kushiba, na hakuwa na mtu hata mmoja wa kumlilia, kwa sababu mtu pekee aliyekuwa naye nilikuwa mimi. Nami miaka yote hiyo nilidhani kwamba mpweke wa kijiji kile nilikuwa mimi.