Meza ya Ping-Pong ya Papa Furaha

Bandugu, kumbe leo nimepigia makofi mlango wa nyumba yangu!

Tuko hapa Nyamianda, finali ya ping-pong ya siku ya uhuru. Meza ni ya jirani yangu, Papa Furaha: milango miwili ameiunganisha, akapaka rangi ya kijani.

Lakini kwenye pembe moja mpira hauruki. Nikainama.

Tundu la kitasa, limezibwa na sabuni.

Na chini yake alama za kisu, urefu wa watoto wangu, mpaka mwaka tulikimbia vita.

Nyumba yangu mpaka leo iko na pazia tu!

Nikamuita. Hata haya hana: "Mama Neema, si miye nilikuchungia huu mlango? Sogea kidogo, unazuia wachezaji."



Semeni: niubebe sasa, ao finali iishe kwanza?