Vitamini Iliyoishia Miguuni

Ng'ombe ni wangu. Baba yangu alinipa nilipomzaa binti yangu, tena tulishasema ndama wake wa kwanza atakuwa wa mtoto. Kwa hiyo mtu asiniambie nilipiga kelele za bure.

Mvua ziliponyesha sana, kwato zake zikaanza kupasuka. Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki kutoka Kabambare, akaniachia mkebe wa vitamini ya unga. Alieleza mbele ya shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye anayechunga ng'ombe: changanya na chumvi na pumba za mpunga, ale kila asubuhi. Ukwato uliopasuka haushikani tena. Mpya unaota kutoka juu, polepole kama ukucha wa mtu, kwa hiyo msichoke.

Mama yangu akaugua kule Lusangi, nikaenda kumuuguza. Niliporudi, ng'ombe anachechemea kuliko mwanzo, miguu imepakwa mawese, mbwa anairamba.

"Shemeji, dawa iko wapi?"

"Si iko pale miguuni! Nilitia na mawese ishike muzuri."

"Alisema ale!"

"Ah, shemeji. Wewe ukijikata muguu na jembe, dawa unatia mu bugali?"

Wanaume wote uani wakacheka. Kwetu kidonda kinapakwa mawese, hata mtoto anajua. Lakini hiki hakikuwa kidonda!

"Basi mbwa atakuwa na kucha nzuri," nikasema. Hapo hakuna aliyecheka.

Ubaya zaidi, baba mkwe alikuwa anatafuta nyama ya kumalizia matanga ya ndugu yake.

"Mama, ng'ombe asiyetembea ni nyama. Tumuchinje angali munono."

"Iko na mimba, baba."

"Mimba itamubeba?"

Nikamfunga ng'ombe kamba mlangoni pa jiko langu, nikakwangua unga uliobaki mkebeni, nikamlisha kwa mkono wangu, mtoto mgongoni. Baba mkwe aliporudia maneno yake, nikamnyooshea simu.

"Mupigie baba yangu. Mwambie munachinja ng'ombe aliyonipa."

Akaitazama simu, akaondoka. Matanga yakamalizwa kwa mbuzi, na wageni walininung'unikia waziwazi.

Sasa, chini kidogo ya manyoya, umetokea ukanda mwembamba wa ukwato, laini. Bado anachechemea. Daktari ameniletea mkebe mwingine. Jana shemeji alipita akauchungulia.

"Nikusaidie kumulisha?"

Nikauweka nyuma ya mgongo.