Wali Mweupe wa Binti Yangu

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, watumishi wa serikali wanahamia Babati, makao yake makuu, na mafaili yao. Mimi sikuhamia popote. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka jikoni hadi kibarazani, nyumbani kwetu Maisaka.

Binti yangu alikuwa na miaka saba. Hakuwa msemaji, hakupenda kushikwa, na alikula vitu viwili tu: wali mweupe na maziwa ya kuchemsha. Ukimwekea mchicha, hata pembeni, anaisukuma sahani yote na kushinda na njaa hadi kesho yake. Nilijaribu, nikachoka. Jirani yangu alimwita bibi harusi kwa kupenda vyeupe, nami nikacheka. Tena nilijiona nalea mtoto wa bosi, maana wali kwa wengine ulikuwa wa sikukuu.

Alipoanza kukataa kutembea, nilicheka vilevile. Nilimwambia jirani kwamba huyu kanirithi. Mtoto anashinda mkekani, magoti kayakunja, nikimwinua analia, nami namwambia, "Mvivu kama mama yako." Nililirudia hilo karibu wiki tatu.

Jirani ndiye aliyeona damu kwenye kikombe cha maziwa. Siku hiyo hakutania.

"Mtoto hadeki huyu, anaumwa. Nyanyuka twende."

Hospitalini daktari alitazama miguu iliyovimba, madoa chini ya ngozi, fizi. Akauliza anakula nini.

"Anakula kila kitu, daktari. Ugali, mboga, matunda."

Kwetu ukisema mtoto hali mboga, umejitangaza kwamba jiko limekushinda. Daktari akayaandika yote, kisha akaanza kuzungumzia kansa ya damu na rufaa ya mbali.

"Nimedanganya," nikasema. "Ni wali na maziwa. Mwaka wa pili sasa."

Kalamu ikasimama. Baada ya kumchunguza mtoto tena, daktari akasema ni kiseyeye. Kiseyeye nilikisoma sekondari, nikakijibu kwenye mtihani, nikapata vema: fizi kutoka damu, viungo kuuma, mgonjwa apewe matunda na mboga. Akanieleza na usonji, neno nililokuwa silijui. Kwamba baadhi ya watoto wa namna hiyo chakula kigeni huwatisha kwelikweli, si jeuri, na kubaki na vyakula viwili kunaweza kuharibu damu, mifupa, hata macho.

Vidonge vya vitamini C tulivyopewa tulivisaga, tukamchanganyia kwenye maziwa, mwanzoni chembe tu asije akashtuka. Siku kadhaa baadaye aliweka mguu chini. Wiki ya pili alitembea hadi mlangoni, akanipita nimekaa kwenye kiti changu.

"Haya, mtoto kaondoka," jirani akasema. "Bado mama."

Nilianza kucheka, nikaacha. Nikainuka, nikamfuata taratibu hadi uani, nikiwa nyuma yake.