Nilimhukumu mama wa kitabuni, jirani yangu akasikia dirishani

Admin, unisamehe kukawia. Uliniambia niandike tangu mahindi yakiwa mabichi, sasa tumeshayavuna. Kila nikishika simu mtoto analia, na akinyamaza nashikwa na haya. Ficha jina langu.

Nina miaka ishirini na minne, Mkongomani wa Kivu Kusini. Naishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na watoto wawili. Baba yao alikwenda kutafuta kazi, hajarudi. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo lilipofunguliwa darasa la Kiingereza la watu wazima nilikimbilia. Jirani yangu, nitamwita Mama Riziki, akaniambia, "Wewe enda usome, miye nitakubebea mutoto." Akawa anakaa naye nje, chini ya dirisha la darasa, ili akilia niitwe nikamnyonyeshe.

Mwalimu wetu hutoka chuo fulani Mbarara. Alituletea riwaya ya Kiingereza, fotokopi ya sura tatu tu. Humo kuna mama anayekimbia vita na kumwacha mwanawe njiani. Mwalimu akatuambia wasomi wanabishana sana juu yake. Mmoja ameandika kwamba mama huyo si mtu, ni mfano wa nchi inayotupa watoto wake, basi tusimhurumie. Mwingine anamjibu kwamba mwanamke ni mwanamke, tumtazame kwanza kama mtu. Tukagawanywa tubishane kama wao. Niliangukia upande wa yule wa kwanza. Kiingereza kilipotushinda mwalimu akasema, "Basi ongea Kiswahili kwanza, nyuma tutageuza kwa Kiingereza."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilisimama nikasema, "Mama anayeuachia mkono wa mtoto alikwisha kumwachia moyoni kitambo. Hata kuku hufunika vifaranga vyake mwewe akija!" Makofi. Papa mmoja, mzee tunayesoma naye, akacheka, "Ee, wewe mama! Ungekuwa juge wa korti, siye wote tungelala mu prizo!" Mwalimu akasema, "Huyu anakuja na mimi Mbarara, chuoni. Utaongea hivyo hivyo mbele ya waprofesa." Nikajiona mtu.

Nilipotoka, Mama Riziki alikuwa amesimama, mwanangu mgongoni mwake. Hakulia. Aliniuliza polepole, "Ule mwanamuke wa mu kitabu alikuwa na mikono ngapi? Miye nilikuwa na mbili tu. Moja ilikamata kale kadogo kangu. Ingine ilikamata mama mukwe, mwenye haonake na macho."

Miaka yote namwita kwa jina la mwanawe na sijawahi kumwona huyo Riziki. Wala sikuuliza. Huku kwetu mtoto aliyebaki jina tu hatumuulizii.

Akaongeza, "Na kisha? Alirudia kumutafuta?"

"Sijui. Hatukufika huko."

"Basi ulimukatia hukumu namna gani?"

Nilimpokea mtoto nikaenda zangu. Nilidhani hatakuja tena. Kipindi kilichofuata alifika saa ile ile, akafungua mikono: "Leta mutoto, utachelewa." Akambeba vizuri kama kawaida, ila hakukaa dirishani. Alikwenda kukaa mbali, kule kwenye bomba la maji, asipoweza kusikia. Heri angenitukana.

Safari ya Mbarara ni wiki ijayo. Mwalimu anasema nikiongea vizuri naweza kupata nafasi ya kusoma, na ninavyohangaika na hawa watoto, naihitaji. Lakini maneno yale siyarudii, hata nikiikosa. Hilo nimeshaamua. Kinachonishinda ni kubisha mlango wa jirani yangu.

Pole msinitumie, ninazo za kutosha. Nitumieni picha za kurasa za mwisho za riwaya ile, zisomeke. Jina la kitabu nimemwachia admin. Nitafutieni na mtu wa kunigeuzia kwa Kiswahili, maana nataka kumsomea Mama Riziki kabla sijapanda gari, hata kama yule mama wa kitabuni hakurudi. Na wewe mama unayesoma hapa, mwenye mtoto aliyebaki jina tu kama yeye, nitumie jibu hata kwa siri: mnapenda tunyamaze hivi, au mnangoja siku moja mtu awaulize Riziki wenu alikuwa mtoto wa namna gani?