Mlango wa Jiko la Kevina

Mwaka ule wa Uhuru kila mtu Busia alitaka vitu vipya, lakini fundi aliyemjengea Kevina jiko yeye aliokota vilivyobomolewa. Misumari iliyopinda aliinyoosha juu ya jiwe, taratibu, mingine ikingoja zamu mdomoni. Kevina alinuna alipoona jiko lake linawekewa mlango mkuukuu wa kanisa lao lililovunjwa.

"Tulia, mama," fundi alisema kwa upande mmoja wa mdomo, akiupapasa mlango. "Mbao hii imezoea watu."

Kesho yake mama mkwe akaja akigomba tangu barabarani, kama kawaida yake. Alipofika mlangoni, mkono ukapanda wenyewe kwenye paji la uso. Akafanya ishara ya msalaba, akaingia kimya, akaketi, akaomba chumvi kwa kunong'ona. Kevina akachungulia nje. Fundi alikuwa ameliinamia jiwe lake, mabega yakimtikisika, misumari ikimdondoka mdomoni mmoja mmoja.