Bolti Nilizozikaza Mwenyewe

Mashua ya kaka yangu ililetwa Lubumbashi juu ya lori la mkaa, imefungwa kamba katikati ya magunia, tumbo juu. Walioishusha kwenye lupango letu, yaani uani kwangu, waliniuliza kama nimenunua jeneza la kiboko. Niliwajibu kwamba itarudi mtoni Lufira kabla ya mvua. Nilisema kwa sauti ili kaka asikie. Alikuwa amekaa barazani, mkono wake wa kushoto umelala pajani.

Ananizidi miaka sita, na mimi humwita Yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Maisha yake yote ameishi ng'ambo ya Lufira, upande wa Lukafu, akivua samaki na kuvusha watu. Kiharusi kilipompiga, alibebwa mgongoni hadi mtoni, akavushwa kwa mtumbwi wa mtu mwingine, akaletwa kwangu mjini atibiwe. Alipopata nafuu alitoa sharti moja. Atarudi kwake, lakini ndani ya mashua aliyoiunda mwenyewe, tena amekaa, habebwi. Na barabara ya kwao mvua zikishakolea haipitiki. Basi tulikuwa na kiangazi kimoja.

Mimi nimefanya kazi miaka mingi katika karakana ya mgodi, nikifunga na kufungua mashine. Niliizunguka mashua nikaona mbao zimekauka na kuachana, kidole kinapita kati ya ubao na ubao. Misumari yake ilikuwa ya shaba, laini, ncha zimepindwa kwa ndani.

"Yaya, hii misumari ni ya kuchezea batoto," nilimwambia. "Nitaweka bolti."

"Usiguse kintu bado." Maneno yalimtoka polepole, maana mdomo ulikuwa haujanyooka vizuri. "Bwato iko na nyota," alisema, yaani mashua ina kiu. "Jaza mayi ndani, iache inywe siku saba. Kisha njo utaona fasi yenye kuvuja."

"Nijaze mayi mu kintu yenye kuvuja?"

"Njo vile."

"Yaya, mi niko fundi."

"Uko fundi ya chuma. Chuma hainywaka mayi."

Nilijipa kisingizio kwamba mwezi ule bomba la mtaa wetu lilikuwa linatoa maji linapotaka, na mke wangu alikuwa anapanga foleni na bidoni zake za maji tangu alfajiri. Kisingizio kilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini hakikuwa sababu. Sababu ni kwamba nilikuwa nimestaafu, hakuna aliyekuwa ananiuliza neno kuhusu kazi tena, na sikutaka kuamrishwa kwenye ua wangu na mtu ambaye hajawahi kushika spana.

Basi niliing'oa misumari, mmoja mmoja, nikaitupa kwenye kopo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita nilimpa kopo zima, naye akaniachia boksi la bolti na nati zake. Mianya yote niliijaza mastiki ile ngumu wanayotumia mafundi wa bodi za magari. Kila nati niliikaza mpaka ikakataa kuzunguka. Mwishoni nikapaka rangi ya bluu. Nakiri kwamba ilipendeza sana.

Yaya alikuja na fimbo yake, akaipapasa mashua kwa mkono mzima.

"Misumari yangu iko wapi?"

Nilimweleza. Aliketi kwenye tofali.

"Ile waya, ulinitumiaka weye," alisema.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Alipokuwa anaiunda mashua ile, sote wawili tukiwa vijana, aliniita nikamsaidie mwezi mmoja wa likizo. Likizo ya kwanza sikwenda, ya pili sikwenda. Nikampelekea kwa dereva furushi la waya wa shaba uliotupwa karakana. Yeye aliukata vipande, akaponda kila kipande juu ya jiwe kuwa msumari. Katika mashua nzima hapakuwa na kitu kilichotoka kwangu ila ile misumari. Nami ndiyo niliyoing'oa.

Tulikubaliana na mwenye lori kwamba tutaondoka Jumamosi. Jumanne mvua ya kwanza ikaanza, ikanyesha siku tatu. Mashua ilikuwa imekaa juu ya matofali, tumbo chini, wala sikuifunika. Siku ya tatu mchana tulikuwa tunakula ugali wetu wa bukari na mboga ya sombe, tukasikia paa! kama mtu amevunja kuni kwa goti.

"Ni nini, baba ya batoto?" mke wangu aliuliza. "Ni waya ya umeme?"

Yaya hakuinua hata kichwa. "Bwato inakunywa."

Paa! nyingine. Nilitoka mbio mvuani. Mbao zilikuwa zinavimba, na hazikuwa na pa kwenda. Mastiki ilikuwa imekuwa jiwe, bolti zimezibana kila upande. Ubao wa chini kabisa ulikuwa umepasuka kutoka bolti hadi bolti, na wa pili yake ukapasuka mbele ya macho yangu, mstari mweupe ukitembea katikati ya rangi yangu ya bluu. Niliipiga teke. Nikaumia kidole.

Yaya alikuja polepole, mke wangu amemshikia mwavuli. Akachungulia ndani, maji ya mvua yamejaa hadi kwenye kiti, ndiyo kwanza yanaanza kuvuja kwenye nyufa.

"Mayi iko ndani, haiko inje," alisema. "Mudogo, umenitengenezea bwato ya kuoga."

Mke wangu alicheka. Mimi sikuweza.

Jumamosi lori liliondoka bila sisi, na baada ya wiki chache barabara ikafungika. Yaya bado yuko barazani kwangu, mahali asipopataka. Ningependa anigombeze. Hanigombezi. Asubuhi huuliza tu kama nimekunywa chai, kisha hukigeuza kiti kuielekea mashua, nami najua kazi imeanza.

Nimepata waya wa zamani wa umeme. Yeye hunipimia urefu kwa kidole, mimi naponda juu ya jiwe. Jana nilitoa misumari kumi na mmoja, akakataa sita. Kiangazi kijacho, anasema. Hatusemi zaidi ya hapo, kwa umri wetu.

Lakini kwanza bolti zote zitoke, na zimeshashika kutu. Leo nimehangaika na moja tangu asubuhi. Nimeipaka mafuta, nimeipiga nyundo, spana imeteleza ikanichuna vidole vitatu. Nikatukana.

"Nani aliikaza vile?" Yaya aliuliza kutoka barazani.

"Mimi, Yaya."

"Aliikaza muzuri," alisema. "Endelea."